Ajali Haina Kinga, Lakini Uzembe Una Mwenyewe

Kila chombo kinapozama katika maji yetu, maiti huwa hazijamaliza kuhesabiwa kabla ya mkubwa fulani kusimama mbele ya vipaza sauti na kutamka maneno ambayo sote tumeyahifadhi: ajali haina kinga wala kafara. Hufuata rambirambi, kisha dua, kisha ahadi ya tume ya uchunguzi, kisha kimya. Sisi hatubishani na wahenga, kwa maana waliyoyasema juu ya ajali ni kweli. Tunalobishia ni ule mtindo wa kuliita ajali kila janga lililoonekana likija, likaachwa lije. Sheria, ambayo ndiyo tuliyoisomea na ndiyo riziki yetu, imetenga kwa karne nyingi kati ya kudura ya Mwenyezi Mungu na uzembe wa mja. Kudura haina wa kumshtaki. Uzembe una mwenyewe.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyobeba watu wapatao 400 iling'oa nanga Mtongwe kuelekea kisiwani Mombasa. Ilikuwa imetengenezwa kubeba watu 300. Haikufika mbali. Ilipinduka ikiwa bado karibu na ufuko, umbali ambao watu waliobaki nchi kavu waliweza kuziona nyuso za jamaa zao, na watu 272 wakapoteza maisha. Wengi wao walikuwa wafanyakazi waliokuwa wakienda kutafuta mkate wa siku hiyo, watu wa bandarini, wa viwandani, wa sokoni na wa majumbani mwa matajiri. Wakati huo sisi tulikuwa bado watoto wa shule, tukaipokea habari kupitia redio za wazazi wetu. Tangu siku ile tumejifunza kwamba katika nchi hii maskini huweza kufa akiwa njiani kwenda kazini, na asipatikane hata mtu mmoja wa kusema: kosa ni langu.

Nchi yetu wakati huo ilikuwa katika mwaka wake wa tatu tangu Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991 na mfumo wa vyama vingi kurejea. Wako waliodhani, na wako wanaodhani mpaka leo, kwamba mageuzi ni idadi ya vyama na rangi za bendera. La, hasha! Kipimo cha mageuzi ni iwapo mwenye madaraka anaweza kuulizwa swali na mwananchi wa kawaida, akalazimika kulijibu. Na sisi hatujui mahali pazuri pa kukitumia kipimo hicho kuliko pale Likoni, kwenye mteremko wa kivuko, saa kumi na mbili ya asubuhi.

Anayeishi mbali na Pwani huenda asifahamu uzito wa jambo lenyewe. Mombasa ni kisiwa. Upande wa kaskazini, daraja la Nyali liliunganisha kisiwa na bara tangu enzi za mkoloni, likajengwa upya mwaka 1980, na kivuko cha Kilifi nacho kikapata daraja mwaka 1991. Upande wa kusini haukubahatika hivyo. Mlango wa bahari wa Likoni, wenye upana wa karibu nusu kilomita, ndio mlango wa bandari ya Kilindini, na kila meli iingiayo au itokayo hupita hapo. Mkazi wa Likoni, wa Diani, wa Ukunda au wa Msambweni anayekwenda mjini kwa kazi, hospitali, shule au mahakama huvuka mlango huo kwa feri. Kwa hesabu zilizokuwa zikitolewa na shirika la feri lenyewe, wanaovuka kwa siku moja ni watu kama 300,000 na magari kama 6,000. Katika bara letu hatukijui kivuko kingine chochote cha mjini chenye kubeba umati kama huo kila siku.

Tunapolalamika kwamba feri zinajazwa kupita kiasi, wakubwa hutujibu kwamba abiria wenyewe hawasikii, wanasukumana, hawana subira. Basi na tufanye hesabu ya watoto wa shule. Tuseme feri moja inatumia dakika 10 kuvuka na dakika 10 kushusha na kupakia. Safari ya kwenda na kurudi itachukua dakika 40. Kwa feri nne, chombo kimoja kitaondoka kila upande baada ya dakika 10, yaani mara sita kwa saa. Ikiwa kila kimoja kinabeba watu 1,000, watavuka watu 6,000 kwa saa. Sasa ondoa feri moja, kwa kuwa imeharibika au iko chelezoni. Watakaovuka kwa saa ni 4,500. Ikiwa wanaofika kivukoni ni wale wale 6,000, kila saa inabakiza watu 1,500 nyuma, na baada ya saa mbili za asubuhi wako watu 3,000 waliobanana mbele ya lango, kila mmoja akiutazama mkono wa saa na kuukumbuka uso wa mwajiri wake. Je, umati huo umeletwa na utovu wa subira, au na yule aliyejua tangu mwaka jana kwamba feri itaingia chelezoni asiweke nyingine ya akiba?

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo wote wanaoendesha vivuko vyema duniani wanalifahamu. Idadi ya vyombo haipangwi kwa wastani wa siku, bali kwa saa ile yenye watu wengi zaidi. Na juu ya idadi hiyo huongezwa chombo kimoja cha akiba, kwa sababu hakuna chuma kinacholala katika maji ya chumvi kisichohitaji kutolewa, kusuguliwa na kutengenezwa. Matengenezo hayo hupangwa kwa kalenda, hayangojei mpaka injini izimike katikati ya mlango wa bahari huku meli ya mizigo ikija. Feri za Nyayo, Harambee na Kilindini zilifika mwaka 1990. Za Kwale na Likoni zikafuata mwaka 2010. Kati ya ununuzi mmoja na mwingine ikapita miaka ishirini. Katika miaka hiyo ishirini waliovuka waliongezeka, watoto wa waliovuka wakawa nao wanavuka, na chuma kikazidi kuzeeka.

Jambo la pili ni mamlaka ya nahodha. Chombo chochote kina kiwango chake cha watu na mizigo, na kiwango hicho hakina maana iwapo hakuna anayehesabu langoni, na iwapo nahodha aliyekataa kuondoka na shehena ya kupita kiasi atapewa barua ya onyo kesho yake. Tunataka ieleweke kwamba nahodha anayesema "sing'oi nanga mpaka watu mia mbili washuke" hachelewesha uchumi wa taifa. Anautetea uhai wa raia. Kanuni zimpe ulinzi. Na lango lifungwe na chombo cha kuhesabu, si kwa virungu vya askari.

La tatu ni kutenganisha watu na magari, na kuyafunga magari yasisogee. Jumapili jioni, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi kinyumenyume kutoka kwenye feri ya Harambee ikiwa katikati ya maji, likatumbukia pamoja na mama na mwanawe mdogo. Watu walisimama ufukweni wakitazama. Ilichukua mpaka siku ya kumi na tatu kulitoa gari lile na miili ile kutoka kilindini. Sisi hatutaki kuyarudia majonzi ya familia, bali twauliza maswali ambayo wakili yeyote angeyauliza. Kabari za kuzuia magurudumu zilikuwa wapi? Mlango unaoteremshwa ufukweni ulikuwa umeinuliwa kiasi gani? Wapigambizi na mashua ya uokoaji walikuwa umbali gani, na ilichukua dakika ngapi kuwaita? Mahali panapovukwa na watu laki tatu kwa siku, mashua ya uokoaji haipaswi kutafutwa kwa simu. Inapaswa kuwa pale pale, injini ikiwa tayari, alfajiri hata usiku.

Maafa haya si ya kwetu pekee. Ndugu zetu wa Tanzania wamezika wengi kuliko sisi. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996 na hesabu rasmi ya waliokufa ikawa 894. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba. MV Skagit ikafuata Julai 2012. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kivuko kilichokuwa na uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara na kuua watu 228. Msomaji na azitazame hizo namba mbili, 101 na 228, kisha atuambie kama neno "ajali" linatosha.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi maskini. Si kweli. Tarehe 6 Machi 1987 feri ya Kiingereza, Herald of Free Enterprise, iliondoka bandari ya Zeebrugge nchini Ubelgiji milango yake ya omo ikiwa wazi. Maji yakaingia kwenye ghorofa ya magari, chombo kikalala ubavu kwa dakika chache, na watu 193 wakafa. Baharia aliyepaswa kuifunga milango alikuwa amelala chumbani mwake. Ingalikuwa kwetu, kesi ingeishia hapo: baharia angefungwa, na mafaili yangefungwa pamoja naye. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Sheen haukuishia hapo. Ulipanda ngazi mpaka afisi za wakubwa, ukakuta kwamba manahodha walikuwa wameomba kuwekewa taa ya kuwaonyesha kama milango imefungwa, na ombi lao likapuuzwa. Ripoti ikachapishwa mwaka ule ule, kila mtu akaisoma. Kutokana na msiba ule na mingine ya namna yake, mataifa yakapitisha mwaka 1993 kanuni za kimataifa za usimamizi wa usalama wa meli, zilizoanza kutumika mwaka 1998, zinazomtaka kila mwenye chombo aandike nani anawajibika kwa nini, kuanzia sitahani hadi kwenye meza ya mkurugenzi.

Lakini hata Waingereza walikwama. Kampuni iliposhtakiwa kwa mauaji bila kukusudia, kesi iliporomoka mwaka 1990 kwa kuwa sheria ya wakati huo ilitaka aonyeshwe mkubwa mmoja ambaye kosa lote lilikaa kichwani mwake. Kosa lilikuwa limegawanywa kwa watu wengi hata halikuwa la mtu. Iliwachukua mpaka mwaka 2007 kutunga sheria ya kulishtaki shirika lenyewe. Sisi twasema: tusingoje miaka ishirini kulijifunza ambalo wengine wamekwisha kulilipia.

Sasa tuje kwenye sheria yetu wenyewe, kwani hapa ndipo mwananchi anapozama mara ya pili. Raia akigongwa na gari la mtu binafsi, sheria ya Kenya humpa miaka mitatu ya kwenda mahakamani kudai fidia ya uzembe. Akidhuriwa na Serikali, Sura ya 39 ya Sheria zetu humpa miezi kumi na miwili tu. Sheria ya Halmashauri ya Bandari, ambayo shughuli za feri zilirudishwa chini yake mwaka 2021, nayo ina kipengele cha miezi kumi na miwili, tena baada ya kutoa ilani ya mwezi mmoja. Tafakari, ndugu msomaji. Mjane wa Kiislamu wa Likoni anakaa eda miezi minne na siku kumi. Kisha atafute cheti cha kifo, barua ya chifu, kibali cha kusimamia mirathi, na wakili atakayekubali kumsikiliza bila ya pesa mkononi. Atakapokuja kujua kwamba ana haki, haki yenyewe itakuwa imekwisha muda wake. Na hata akishinda kesi dhidi ya Serikali, Sura ya 40 yamkataza kukamata mali ya Serikali ili alipwe. Itambidi arudi mahakamani tena kuomba afisa husika aamriwe kulipa. Sheria hizo zina mizizi katika fikira za kikoloni kwamba dola ni bwana na raia ni mtwana. Katiba ya 2010 imesema kinyume chake. Sheria hizo zapaswa kuifuata Katiba, wala si Katiba kuzifuata.

Tena iko hoja ambayo haijasemwa kwa sauti ya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, linazitaja kazi za kaunti, na miongoni mwa kazi za uchukuzi wa kaunti limeandika wazi wazi: feri na bandari, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Kwa lugha nyepesi, waliovuka Likoni walipaswa kuwa na sauti juu ya feri yao kupitia gavana na wawakilishi wanaoweza kuwang'oa kwa kura. Hata hivyo, ilipofika wakati wa kupanga upya, feri hazikushuka kwa wananchi. Zilipanda kwenye halmashauri inayotoa hesabu zake Nairobi. Twakubali kwamba mlango wa Likoni ni njia ya meli za kimataifa, na lazima feri na bandari ziongee kila dakika. Lakini kuongea si kumezana. Kaunti za Mombasa na Kwale zaweza kupewa viti katika bodi ya uendeshaji, pamoja na wasafiri na mabaharia wenyewe, huku udhibiti wa usalama ukibaki kwa Mamlaka ya Bahari, ambayo haifanyi biashara ya feri. Anayeendesha chombo asiwe ndiye anayejikagua. Ngedere hapewi kesi ya nyani.

Kuhusu fedha, husemwa kwamba waendao kwa miguu huvuka bure, kwa hiyo wasidai makuu. Hoja hii inatukera. Feri ya Likoni ni barabara iliyokatwa na maji. Hakuna anayemwambia mkazi wa Nairobi kwamba, kwa kuwa hakulipa kupita barabara ya lami, asishangae daraja likimwangukia. Kuvuka bure ni haki, si sadaka. Lakini haki hiyo ina gharama, na gharama isiyoandikwa ndiyo inayoua. Nauli za magari haziwezi peke yake kulipia mafuta, mabaharia, chelezo na ununuzi wa vyombo vipya. Basi Bunge na liandike katika bajeti, kwa fungu linalojulikana, gharama ya kila anayevuka bila kulipa, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alifuatilie fungu hilo shilingi kwa shilingi. Hapo ndipo tutakapojua kama fedha hazikutolewa au zilitolewa zikaliwa.

Wengine hutuliza hasira zetu kwa madaraja. Kweli, daraja la kuelea la Liwatoni lilifunguliwa kwa waendao kwa miguu mwaka 2021, katika siku za korona. Na barabara ya Dongo Kundu imewapunguzia wenye magari mzunguko. Daraja kubwa la juu, lenye kimo cha kupitisha meli chini yake, limetangazwa na kutangazwa tena. Sisi twayashangilia madaraja yote. Lakini mwenye gari anayepita Dongo Kundu hajamsaidia muuza samaki wa Likoni anayetembea na kapu lake kichwani. Na hata daraja la juu likijengwa kesho, feri itahitajika leo jioni. Ahadi ya daraja isiwe kisingizio cha kuacha chuma kioze.

Kwa hiyo twadai mambo matano, na twayataka kwa maandishi. Kwanza, ratiba ya matengenezo ya kila feri, tarehe yake ya mwisho kuingia chelezoni na uwezo wake halali wa kubeba, vibandikwe pande zote mbili za kivuko kwa Kiswahili, mahali ambapo mwenye macho atasoma. Pili, ripoti za uchunguzi wa maafa ya 1994 na ya 2019 ziwekwe wazi kwa ukamilifu mbele ya kila raia anayezitaka, chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Nchi hii ina mazoea mabaya ya kukalia ripoti: ile ya Jaji Akiwumi juu ya ghasia, ambayo iligusa damu iliyomwagika hapo hapo Likoni mwaka 1997, ilikabidhiwa mwaka 1999, wananchi wakaisoma mwaka 2002. Tatu, muda wa kushtaki Serikali na mashirika yake kwa vifo na majeraha ulinganishwe na ule wa raia wengine. Nne, feri ya akiba inunuliwe na isihesabiwe miongoni mwa zinazofanya kazi. Tano, kaunti na wasafiri wapewe nafasi yao kama Katiba inavyoagiza.

Na wewe msomaji unayevuka kila siku una kazi yako. Usiingie chombo unachokiona kimejaa, hata kama mwajiri anakungoja. Na ukiona hitilafu, iandike tarehe na saa, umpe diwani wako, umpe mbunge wako, utupe na sisi nakala. Malalamiko yanayosemwa juu ya sitaha huchukuliwa na upepo. Yaliyoandikwa husomwa mahakamani.

Waliokufa Mtongwe hawakuwa na chama. Walikuwamo wa chama tawala, wa upinzani na wasiojishughulisha na siasa kabisa. Maji hayakuwauliza kadi. Twawaombea wote rehema. Lakini dua zetu hazitamfutia deni aliye hai na mwenye madaraka, na siku tutakapokubali tena kuambiwa kwamba ajali haina kinga, tutakuwa tumewasaidia wazembe kuwazika ndugu zetu mara ya pili.